Vigilasi vya Siku ya Posa

Mwanangu aliniambia nitie sharubati kwenye jagi. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba nilionywa, na aliyenionya ni yeye mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa jiko la kaka yangu, Msambweni, asubuhi ya siku ambayo watu wa Kibuyuni walikuwa waje kumposa, akaviona vigilasi vidogo ishirini na vinne nilivyovipanga juu ya sinia. Alivitazama kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hawa ni wazee," alisema. "Tia kwenye jagi, uwape na gilasi za kawaida. Inatosha."

"Jagi wanalo kwao," nikamjibu. "Leo wanakuja kwetu."

Hakubishana nami. Si mtoto wa kubishana, hajawahi kuwa. Alichukua ufagio akaenda kufagia ukumbi alioufagia alfajiri, na mimi nikarudi kwenye sufuria yangu ya ukwaju nikijiambia kwamba mwanangu ana haya nyingi mno, na kwamba haya hizo hakuzipata kwangu.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta ya baa, katika hoteli moja ya ufuoni huko Diani. Niliingia hotelini kufagia vyumba baada ya baba yake kutuacha, mtoto akiwa na miaka minne. Kabla mwaka haujaisha, mkubwa wa baa, mtu wa bara, aliniona nikimimina chai kwenye vikombe vya wafanyakazi bila kumwaga hata tone. Akaniambia, "Mama, hiyo mkono yako haitetemeki. Kesho kuja kwa baa." Kesho yake nilikwenda. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa ufagio na nilikuwa na mtoto wa kusomesha. Sitaki kulipamba jambo hili zaidi ya hapo. Nyumbani Msambweni nilisema nimehamishiwa jikoni. Kaka yangu peke yake ndiye niliyemwambia kweli, na alichonijibu ni kwamba yeye hakusikia.

Huko baa ndiko nilikojifunza shoti za tabaka. Kwa asiyezijua: ni kinywaji cha mkupuo mmoja, kwenye kigilasi kisichozidi urefu wa kidole, chenye pombe tamu za namna mbili tatu zilizokaa moja juu ya nyingine bila kuchanganyika. Chini ya kahawa, nyeusi. Katikati ya maziwa. Juu ya machungwa. Siri yake ni uzito. Ile yenye sukari nyingi huzama, kwa hiyo ndiyo huanza. Kisha unageuza kijiko, unagusisha ncha yake kwenye ukuta wa ndani wa kigilasi, na inayofuata unaimimina juu ya mgongo wa kijiko, taratibu, iteremke kama haina haja ya kufika. Ukiharakisha inatoboa ya chini, na unabaki na matope.

Nilikuwa naweza kupanga kumi na mbili kwa safu, mistari yake ikawa sawa ukizitazama kwa ubavu. Na sijawahi kuonja hata moja. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini wallahi ni kweli: nilizijua kwa uzito, kwa harufu, na kwa namna zinavyoshika shingo ya chupa. Watalii walizipiga picha, wakahesabu moja mbili tatu, wakazibugia, na kigilasi kikarudi kwangu kitupu kabla sijamaliza kufuta kijiko. Kazi ninayoiweza kuliko zote ilikuwa inatazamwa na watu wasionijua hata jina, na wanaonijua hawakuruhusiwa kujua kwamba naiweza. Jambo hilo lilinikaa rohoni kuliko nilivyodhani.

Mwanangu alijua. Alikua akifua mashati yangu ya kazi, na harufu ile haijifichi. Hakuwahi kunisema. Alisoma, akapata kazi katika duka la dawa pale Kombani, na hapo ndipo alipoingia siku moja kijana wa Kibuyuni kumnunulia baba yake dawa ya pumu. Kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alifundisha madrasa, mama yake alilima mwani. Wiki hiyo hiyo kijana alirudi akisema kichwa kinamuuma, akarudi tena kwa kichwa hicho hicho, mpaka mwanangu akamwambia kwamba mtu mwenye kichwa cha namna hiyo anafaa kulazwa. Alinisimulia haya akicheka huku ameziba mdomo kwa mtandio. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na nilifurahi naye mpaka nikaogopa.

Miezi ilipopita na mambo yakawa ya kweli, alikuja kwangu Ukunda, tukala, akaosha vyombo, kisha akasema bila kugeuka:

"Mama, anauliza wewe unafanya kazi gani hotelini. Nataka nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Ukweli. Yeye hana neno, namjua. Akijua mapema ataona namna ya kuzungumza na baba yake. Wakija kuambiwa na mtu mwingine itakuwa mbaya."

"Baba yake ni mwalimu wa madrasa," nikasema. "Sema jikoni."

"Mama, niache nimwambie."

"Nimekwambia sema jikoni. Ukishaolewa utamwambia unalotaka."

Nilisema kwa ukali. Hasira zangu ziko karibu, na zikija hazitazami ni nani aliye mbele yangu. Alifuta mikono yake kwa kanga, akasema, "Haya, mama," akaenda kumpelekea mtu anayempenda uongo ambao haukuwa wake. Hayakupita majuma mengi, habari ikaja kwamba wazee wa Kibuyuni wanaomba siku.

Nilitaka siku hiyo ikumbukwe. Nia yangu ilikuwa safi, na tahadhari nilizichukua, angalau zile nilizozifikiria. Vigilasi vya hotelini sikuvigusa, maana vimeshika pombe. Nilinunua vipya Ukunda, bado vina vibandiko vya dukani, na kijiko kipya pia. Ukwaju niliuroweka, nikauchuja, nikauchemsha na sukari mpaka ukashika mwiko, mweusi na mzito. Huo ndio uliokuwa wa chini. Juu yake embe lililosagwa na kuchujwa, sukari kidogo tu. Juu kabisa tui la kwanza, zito, na chembe ya chumvi. Haramu niliitafuta kila pembe ya jiko lile nikahakikisha haimo.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuja nilipokuwa namimina tui kwenye kigilasi cha mwisho. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na sinia, akakaa hivyo kwa muda.

"Wifi, hii unaifanyaje isichanganyike?" akauliza.

"Mkono tu," nikasema.

Akaita binti zake waje waone. Sitasema uongo, nilisikia raha ambayo sikuipata kwa bahashishi ya mtalii yeyote. Nilijinyoosha mgongo, nikafuta ukingo wa kila kigilasi kwa pembe ya kitambaa, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika umri wangu nimefanya kazi yangu nyumbani kwetu, mchana, mbele ya watu wangu.

Wageni walifika baada ya sala ya alasiri, wazee wanne na wanawake watatu. Baba wa kijana hakuja kwa sababu ya kifua chake. Aliyewaongoza alikuwa baba yake mkubwa, mzee mpole mwenye sauti ya chini. Mmoja wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu wa makamo anayeuza vipuri vya pikipiki. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake wakaingia chumba cha ndani, pazia katikati. Bibi wa kijana, mzaa baba, alinishika mkono asiuache haraka, akaniuliza habari za afya, za kazi, za njia, nikamjibu zote njema. Mwanangu alikuwa chumba cha nyuma amejifunika, anasikiliza.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyezungumza. Mambo yalikwenda vizuri hata nikashangaa. Mzee alisema wamekuja kuomba udugu. Kaka akasema udugu hauna mlango. Wakacheka. Wakakubaliana habari za mahari bila kuvutana, wakataja mwezi wa ndoa. Ilibaki Fatiha tu. Desturi ni hiyo: maneno kwanza, kisha husomwa Fatiha na posa ikawa imekubaliwa mbele ya Mungu na watu, na baada ya Fatiha ndipo vinapoletwa vyakula na vinywaji.

Lakini vigilasi haviwezi kungoja wazee wamalize maneno. Jikoni kulikuwa na joto. Nilivitazama nikaona tui limeanza kulainika na mstari kati yake na embe umeanza kufifia, kwanza kwenye kimoja, kisha kwenye vingine vitatu. Ukumbini mzee mmoja alikuwa ameanza kusimulia jinsi walivyojuana na marehemu baba yetu, na hadithi ilikuwa ndefu. Nilijua ikichukua robo saa nitakuwa na vigilasi ishirini na vinne vya uji wa rangi ya udongo. Wifi alisema, "Subiri wasome." Nikamwambia haya mambo hayasubiri. Nilimpa yeye sinia dogo apeleke kwa wanawake, na sinia kubwa nikalibeba mwenyewe kwenda kwa wanaume, kinyume cha desturi, kwa sababu nilitaka kuziona nyuso zao.

Nyuso zao niliziona. Mzee aliyekuwa akisimulia alinyamaza katikati ya neno. Kila mmoja alichukua chake, wakasema mashallah. Mjomba wa kijana alikinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha polepole, akatabasamu.

"Dada, hongera," alisema. "Nilikuwa mhudumu hotelini zamani, kabla sijaacha. Wanaoweza hivi ni wachache. Umeifanya muda?"

"Miaka kumi na tisa, kaka," nikasema. "Mkono unakwenda wenyewe."

Nililisema kwa furaha kabisa. Neno lilikuwa limeshatoka nilipoona tabasamu lake linaondoka. Alikishusha kigilasi kwenye mkeka, mbele ya goti lake, kwa uangalifu, bila kukionja.

"Jikoni hakuna kazi hii," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kama mtu anayejikumbusha. "Hii ni kazi ya kaunta."

Kaka yangu alikohoa. Baba mkubwa wa kijana akanigeukia.

"Dada yangu, sisi tuliambiwa uko jikoni."

"Ndani hamna pombe," nikasema haraka. "Wallahi hamna tone. Ni ukwaju, embe na tui. Vigilasi ni vipya, nimevinunua mwenyewe."

"Sikuuliza kilichomo ndani," akasema. "Nauliza kazi."

Ningeweza kudanganya tena. Nimewahi kujiuliza kama ningedanganya vizuri wangesoma Fatiha. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya wageni wanne na sinia mkononi kama nilivyokuwa nikisimama kila siku, na uongo haukuja.

"Ni baa," nikasema.

Wazee waliweka vigilasi chini mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepaza sauti. Laiti wangepaza, ningekuwa na cha kujibu. Mzee alisema kwamba riziki ya mtu na hisabu yake ni kwa Mola wake, na wao hawakuja kuhukumu. Alisema pia kwamba kama wangeambiwa mapema wangekaa wakalizungumza, huenda wakalimaliza, lakini wao walileta posa kwenye nyumba waliyoambiwa, na nyumba hii ni nyingine. Akamwomba kaka yangu ruhusa ya kuondoka. Walipowaita wanawake, yule bibi alitoka nyuma ya pazia na kigilasi kitupu mkononi, bado hajui kitu, akaniambia ni kitamu na kama kimebaki apewe kimoja ampelekee mwanawe mgonjwa. Binti yake alimpokonya kigilasi taratibu, akamshika mkono, wakavaa viatu.

Kaka aliwasindikiza hadi barabarani. Mwanangu alikuja jikoni akiwa amevua mtandio mzuri na kuvaa kanga ya kazi. Alivikusanya vigilasi, akavimwaga kimoja kimoja kwenye ndoo ya mabaki. Tui, embe na ukwaju vilikuwa vimeshachanganyika vyote kufikia hapo. Kisha akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi akaanza kuviosha. Nilisimama nikimtazama mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Nimesema mara mbili, mama," akajibu, akaendelea kuosha.

Jibu la Kibuyuni lilikuja kwa simu kwa kaka yangu, kwa adabu, wiki iliyofuata. Walisema wamesita kwanza, na sote tunajua kusita huko maana yake nini. Kijana alikwenda dukani Kombani mara moja tu. Hayo sikuambiwa na mwanangu, niliyapata kwa msichana anayefanya naye kazi. Kijana alisimama mbele ya meza akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Naye akamjibu, "Ilinipasa nikwambie." Hakumwambia kwamba alitaka, na kwamba mama yake alimkataza. Kijana akaondoka akiamini kwamba aliyemdanganya ni yeye, na mwanangu akamwacha aondoke na imani hiyo ili mimi nisitajwe. Niliposikia haya nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu nikalia kama mtu aliyefiwa, na jirani akaja kuniuliza nani amekufa.

Sasa kijana yule ana mke, wa kijiji cha Jego, na nasikia wana mtoto. Mwanangu hakuniletea hasira hata siku moja. Alinipigia simu kila jioni, shikamoo mama, umekula, dawa za presha umemeza. Ningempa kila nilicho nacho anitukane mara moja. Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli. Lakini kile kicheko cha kuziba mdomo sijakisikia tena.

Mwaka huu nilikwenda kwa mkubwa wa wafanyakazi nikamwomba anitoe baa. Alidhani ninaumwa. Nilimwambia mkono wangu umechoka, ingawa haujachoka. Akanipeleka kwa dobi, kukunja mashuka na taulo. Nilikaa siku nane huko bila kumwambia mwanangu, nikitaka kwanza niwe na hakika kwamba nitaweza, kisha nikachukua siku yangu ya mapumziko nikaenda Kombani nimwambie uso kwa uso. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno.

Nilipofika kulikuwa na mteja mezani, mwanamume wa heshima zake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa amekwisha kulipa lakini haondoki. Alikuwa anamuuliza kwao ni wapi, na kama wazee wake wapo, aje awasalimie. Alisema kwa ustaarabu. Mwanangu alimpa mfuko wake wa dawa na kumtazama usoni.

"Kwetu Msambweni," akasema. "Na kabla hujamtuma mtu, mama yangu ni wa baa. Anauza pombe hotelini, miaka mingi."

Hakupunguza sauti. Alilisema kama anavyosema kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na nikatambua kwamba si mara yake ya kwanza, na kwamba hulisema mapema hivi ili mtu aende zake akiwa bado hajapendwa. Yule bwana akasema kazi ni kazi, akashukuru, akatoka. Ndipo mwanangu aliponiona mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alinivutia kiti, akanipa maji. Yale maneno niliyoyapanga njiani niliyaacha, nikalisema moja kwa moja: kwamba nimetoka baa, kwamba niko kwa dobi, na leo ni siku ya tisa.

Alinyoosha mkono akaushika wangu juu ya meza, kwa upole.

"Ni kweli, mama," akaniuliza, "ama ndilo la kuwaambia watu?"

Sikuona kejeli usoni mwake. Aliuliza kwa sababu hakujua.